Makaa ya Mawe Yakichimbwa Karibu na Kijiji: Maji, Vumbi na Sheria



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, chakula cha watoto na uzazi salama. Mwezi huu tutakwenda mbali kidogo, mpaka kwenye milima ya Appalachia huko Marekani, halafu tutarudi kwetu. Makaa ya mawe si habari ya vitabu vya jiografia tu tena. Huko Ngaka, wilaya ya Mbinga, yanachimbwa kwa mgodi wa wazi tangu mwaka 2011, na malori yanayoyabeba husafiri mwendo mrefu, mengine hadi bandari ya Mtwara. Mchuchuma, wilaya ya Ludewa, kuna hazina kubwa ambayo imezungumzwa kwa miaka mingi. Familia za parokia zetu za kusini zina kijana aliyepata kazi mgodini, au zimejenga kando ya barabara ya malori, au zinachota maji katika kijito kinachoteremka kutoka upande ule ule unaochimbwa.

Familia ya namna hiyo ina maswali mawili. Je, kazi hii inaweza kutuletea ugonjwa gani? Na serikali inatulinda kwa njia gani? Watu wa Appalachia walijiuliza hayo muda mrefu kabla yetu, na majibu waliyapata kwa gharama kubwa. Hatuna sababu ya kuyalipia mara ya pili.

MGODI WA WAZI NI UPI?

Makaa huchimbwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuingia chini ya ardhi kwa njia ya mashimo na mapango. Ya pili ni kuondoa kila kitu kilicho juu ya makaa: miti inakatwa, udongo wa juu unakwanguliwa, mwamba unalipuliwa kwa baruti, na mawe yanabebwa pembeni mpaka tabaka jeusi lionekane. Namna hii ya pili ina hatari ndogo zaidi ya kufukiwa kwa mchimbaji, ni ya haraka, na inahitaji watu wachache wenye mashine kubwa. Ndiyo maana makampuni huipenda pale ambapo makaa hayako chini sana.

Lakini ili kupata tani moja ya makaa, mara nyingi huna budi kuondoa tani nyingi za mawe na udongo. Kwa upande wa afya, hapo ndipo penye swali. Mawe hayo yatawekwa wapi? Na mvua ikiyanyeshea, maji yatakwenda wapi?

Katika majimbo ya West Virginia na Kentucky walifika mahali pa kukata kilele chote cha mlima, kama mtu anayekata kichwa cha yai, na kusukuma mawe bondeni. Hesabu za serikali ya Marekani yenyewe zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1985 na 2001 vijito vyenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,100 vilifukiwa kwa njia hiyo. Kijito cha mlimani ni chembamba, hata mtoto anakiruka, lakini ndicho mama wa mto ulio chini yake.

MAJI YENYE RANGI YA KUTU

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, maana jambo hili halijulikani sana.

Ndani ya makaa na katika mawe yanayoyazunguka mara nyingi kuna madini yanayoitwa pairaiti, ambayo ni chuma kilichoungana na salfa. Humeta kama dhahabu, na watu wengi wamedanganyika nayo. Maadamu imefunikwa chini ya ardhi, haina neno. Ikivunjwa vipande na kuwekwa nje, ikapata hewa na mvua, inaanza kubadilika na kutoa tindikali, ya aina ile ile iliyo katika betri ya gari ingawa si kali kiasi hicho. Tindikali hiyo inapopita katika mawe huyeyusha madini mengine na kuyachukua: chuma, manganizi, aluminiamu, na penginepo madini mabaya zaidi.

Maji hayo yakifika katika kijito penye hewa nyingi, chuma kinajitenga na kuganda juu ya mawe kama utelezi wa rangi ya kutu au ya chungwa. Samaki hufa, au huhama. Wadudu wadogo wa majini ambao samaki huwala hutoweka kwanza. Katika jimbo moja tu la Pennsylvania, ambako wamechimba makaa kwa zaidi ya miaka 200, mito na vijito vyenye jumla ya kilomita zaidi ya 8,000 vimeharibiwa kwa namna hiyo. Ubaya wake ni kwamba kazi hiyo haikomi mgodi unapofungwa. Mawe yakiachwa wazi yanaendelea kutoa tindikali kwa makumi ya miaka, wenye mgodi wakiwa wamekwisha kuondoka au kufa.

Basi, akina mama, sikilizeni. Tumewafundisha miaka yote kuchemsha maji ya kunywa, na tunaendelea kusema hivyo, kwa sababu kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Lakini kuchemsha hakuondoi madini. Ukichemsha maji yenye manganizi, mvuke unapanda na manganizi inabaki sufuriani, tena katika maji machache zaidi. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu, haiondoi madini hayo. Kitambaa cheupe kinazuia matope tu. Kwa hiyo maji yenye rangi ya kutu, au yenye ladha ya chuma au ya uchachu, au yanayochubua sufuria za aluminiamu, yasitumiwe kumlea mtoto kwa kutegemea kwamba yamechemshwa. Tafuteni chanzo kingine, na maji hayo yapelekwe kupimwa.

Tena, maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yana madini. Pia rangi ya kutu peke yake haithibitishi kwamba mgodi ndio wenye kosa, kwa sababu nchi yetu ina visima vingi vyenye chuma cha asili tangu zamani. Mzee mmoja atasema, "Haya maji yalikuwa hivi tangu nikiwa mtoto," mwingine atakataa, na hakuna atakayeweza kuamua kati yao. Jambo hilo tutalirudia, maana sheria nzima ya Marekani imejengwa juu yake.

VUMBI

Watu wengi wakisikia makaa ya mawe hufikiri juu ya vumbi jeusi linaloonekana kwenye nguo na mabati. Hilo si zuri, lakini lile linalodhuru zaidi ni vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, nasi tunazitema. Chembe ndogo sana hupita mpaka ndani kabisa ya mapafu, na hukaa huko.

Makaa yenyewe husababisha ugonjwa ambao wachimbaji wa Marekani huuita pafu jeusi. Mwamba ulio juu ya makaa ukiwa ni wa mchanga una silika, na vumbi la silika ni kali kuliko la makaa. Linatia makovu katika mapafu, na makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Zamani walidhani ugonjwa huu ni wa wanaoingia chini ya ardhi tu. Mwaka 2012 idara ya afya ya Marekani ilitoa matokeo ya kuwapiga picha za kifua wafanyakazi zaidi ya 2,300 wa migodi ya wazi. Karibu 2 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huo, na wengi wa wagonjwa hao hawajawahi kufanya kazi chini ya ardhi hata siku moja. Walio katika hatari kubwa ni wale wanaotoboa mwamba kwa ajili ya baruti na wale wanaofanya kazi karibu nao.

Kwetu hapa tuna jambo la kuongeza. Mtu mwenye silika katika mapafu hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mwingine, na nchi yetu bado ina kifua kikuu kingi. Dalili pia zinafanana: kukohoa, kukonda, kukosa pumzi. Kijana wa mgodini akikohoa zaidi ya wiki mbili aende kupimwa makohozi, na amwambie mganga waziwazi kazi anayofanya na amefanya miaka mingapi. Mara nyingi mganga hajui kwa sababu hakuambiwa. Kama makohozi hayana kifua kikuu na kikohozi kinaendelea, aombe picha ya kifua.

Nyumbani kando ya barabara ya malori, wagonjwa wa pumu, wazee na watoto wadogo ndio wanaoumia kwanza. Fagieni kwa kunyunyiza maji, si kufagia vumbi kavu likapanda. Mapipa na ndoo za maji zifunikwe. Wanaokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati waache mvua ya kwanza isafishe bati kwanza, ndipo waelekeze bomba kwenye tangi. Nguo za kazi za mgodini zikung'utwe nje na zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto.

Na kwa kuwa tumefika hapo: makaa yanayodondoka kutoka kwenye malori yasiokotwe na kuwashwa ndani ya nyumba katika jiko la mkaa wa kawaida. Moshi wake una gesi inayoua mtu usingizini bila harufu ya kumwamsha.

ASUBUHI YA TAREHE 26 FEBRUARI 1972

Katika bonde la Buffalo Creek, wilaya ya Logan, jimbo la West Virginia, kampuni ya makaa ilikuwa imerundika masalia ya makaa kuziba sehemu ya juu ya bonde, na nyuma ya lundo hilo maji meusi yalikuwa yamejaa kama bwawa. Halikujengwa na wataalamu kama bwawa linavyojengwa. Siku nne kabla, mkaguzi wa serikali alikuwa amelitazama na kuona linaridhisha. Mvua ikanyesha mfululizo. Jumamosi ile, yapata saa 2 asubuhi, lundo likapasuka, na maji kama lita milioni 500 yakateremka juu ya vijiji vilivyojipanga mmoja baada ya mwingine bondeni. Watu 125 walikufa. Zaidi ya 1,000 waliumia, na zaidi ya 4,000 walibaki bila makao.

Kampuni ilisema lililotokea ni tendo la Mungu. Sisi tunaosoma gazeti la Kanisa tunapaswa kuyatazama maneno hayo vizuri. Mvua ni ya Mungu, naam. Lundo lilirundikwa na watu kwa mashine. Tume iliyoundwa na gavana wa jimbo ilichunguza na kuona kwamba kampuni ndiyo yenye lawama. Mwaka 1974 wahanga zaidi ya 600 walilipwa kwa pamoja dola milioni 13.5, na sehemu ya madai yao ilikuwa juu ya maradhi ya roho na akili. Madaktari waliowapima waliwakuta watu wazima na watoto wasioweza kulala usiku wa mvua miaka miwili baada ya gharika. Tunalitaja kwa sababu hata kwetu mtu aliyeponea gharika au maporomoko huambiwa tu, "Shukuru Mungu umepona," na hofu yake haihesabiwi kuwa ugonjwa.

Mwaka 1975 maaskofu Wakatoliki wa Appalachia walitoa barua ya kichungaji juu ya nchi hiyo na watu wake, wakieleza jinsi utajiri wa makaa ulivyokuwa ukiondoka milimani na kuwaacha wenyeji katika umaskini. Wakati huo huo wananchi, wakiwemo wake wa wachimbaji, walikuwa wakiibana serikali itunge sheria. Bunge lilipitisha muswada, Rais Gerald Ford akaukataa. Likapitisha tena mwaka 1975, akaukataa tena. Sheria ilitiwa sahihi na Rais Jimmy Carter tarehe 3 Agosti 1977.

SHERIA YA 1977 INASEMA NINI

Sheria hiyo ni ndefu sana, nasi tutachukua yale ambayo mkulima wa Kitanzania atayaelewa mara moja.

Kabla ya kuchimba, mwenye kampuni lazima apate kibali, na katika maombi yake aeleze hali ya maji ya mahali hapo ilivyo sasa, ya juu na ya chini ya ardhi, na uchimbaji utayafanya nini. Hilo ndilo jibu la ubishi wa wazee wetu wawili. Maji yakipimwa kabla, hakuna haja ya kugombana baadaye. Na kama mgodi wa wazi umeharibu au kukausha kisima cha mtu, kampuni inatakiwa impatie maji mengine.

Pili, kampuni inaweka dhamana ya fedha kabla ya kuanza. Ikiondoka bila kurekebisha ardhi, serikali inaitumia dhamana hiyo kurekebisha. Haiachiliwi siku ile miti ilipopandwa. Inashikiliwa kwa miaka 5 baada ya kupanda mara ya mwisho, na katika sehemu zenye mvua haba miaka 10, ili ionekane kama kweli majani yameshika. Udongo wa juu wenye rutuba lazima utengwe na kurudishwa juu, na mlima urudishiwe umbo lililo karibu na lile la kwanza, pasiachwe ukuta wa mwamba uliosimama wala shimo lenye maji ya kuzamisha watoto na kuzaa mbu.

Tatu ni umbali. Hairuhusiwi kuchimba ndani ya futi 300, yaani kama mita 90, kutoka kwenye nyumba inayokaliwa na watu isipokuwa mwenyewe akubali, wala kutoka shuleni au kanisani. Makaburi yana futi 100. Kuhusu baruti, ratiba ya milipuko lazima itangazwe, na mtu mwenye nyumba ndani ya nusu maili anaweza kudai nyumba yake ikaguliwe kabla milipuko haijaanza. Nyufa zikitokea baadaye, kuna karatasi inayoonyesha kwamba ukuta ulikuwa mzima.

Wakaguzi wanatakiwa kufika mgodini angalau mara moja kila mwezi, na kufanya ukaguzi kamili kila miezi mitatu. Na hili ndilo tulilolipenda kuliko yote: mwananchi wa kawaida anaweza kuandika kuomba ukaguzi, na mkaguzi akija kwa sababu ya barua hiyo, mwandishi ana haki ya kufuatana naye mgodini. Hakai nyumbani kungoja aambiwe kwamba yote yanaridhisha.

Tena kila tani inayochimbwa inatozwa ushuru mdogo, ulioanza na senti 35 za dola kwa tani ya mgodi wa wazi, kwa ajili ya kusafisha migodi iliyoachwa kabla ya 1977. Fedha hizo hazikutosha. Mwaka 2021 Bunge la Marekani liliongeza dola bilioni 11.3 kwa kazi hiyo hiyo, karibu miaka 45 baada ya sheria. Makaa yaliyochimbwa kwa bei rahisi na babu yanalipiwa na wajukuu.

MAHALI SHERIA ILIPOVUJA

Tusiwadanganye kwamba sheria hiyo ilimaliza matatizo. Ile desturi ya kukata vilele vya milima na kufukia vijito, ambayo tumeieleza hapo juu, iliendelea chini ya sheria hiyo hiyo, kwa sababu iliacha mlango: mlima usirudishiwe umbo lake kama ardhi tambarare itakayobaki itapata matumizi mengine yenye faida. Mlango ulikuwa mdogo katika maandishi. Katika utekelezaji lilipita lori.

Dhamana nayo ilikuwa na tundu. Makampuni makubwa yaliruhusiwa katika majimbo kadhaa kujidhamini yenyewe, bila kuweka fedha, kwa kuwa yalionekana matajiri. Mwaka 2015 na 2016 makampuni makubwa matatu ya makaa ya Marekani yaliomba hifadhi ya mufilisi, moja baada ya jingine. Mtu anayejidhamini mwenyewe hana mdhamini.

Mwezi Desemba 2016 serikali ilikamilisha kanuni mpya ya kulinda vijito, iliyotaka vipimo zaidi vya maji kabla, wakati na baada ya kuchimba. Februari 2017 Bunge na Rais mpya waliifuta. Agosti mwaka huo huo, wizara iliyokuwa imewaagiza wanasayansi wa taifa kuchunguza afya za watu wanaoishi karibu na migodi ya wazi ya Appalachia iliwaamuru wasimamishe kazi. Kabla ya hapo wataalamu wa vyuo vikuu walikuwa wamechapisha taarifa zinazoonyesha magonjwa mengi zaidi katika wilaya hizo, wengine wakapinga kwamba umaskini na uvutaji wa sigara ndio sababu. Uchunguzi ule ungesaidia kukata shauri hilo. Kwa maoni yetu, asiyetaka kupima ugonjwa hawezi kusema kwamba hakuna ugonjwa.

NA SISI JE?

Tanzania haina sheria ya makaa ya mawe peke yake kama ile ya Marekani. Makaa yanaingia katika Sheria ya Madini ya mwaka 2010 pamoja na dhahabu na madini mengine, na katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hii ya pili inaanza kwa kusema kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na anaweza kwenda mahakamani kuidai. Inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi wa namna hii haujaanza, na wananchi washirikishwe. Inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa serikali. Nayo Sheria ya Madini inataka idhini ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuchimba ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba yake. Mita 200 ni zaidi ya mara mbili ya zile za Wamarekani. Kwa hilo waliotunga sheria yetu wanastahili sifa.

Kwa wafanyakazi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wapimwe afya zao, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unahusika na magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali tu. Kijana asikubali kuanza kazi bila kupimwa. Picha ya kifua ya siku ya kwanza ni mali yake. Miaka kumi baadaye ndiyo itakayosema kama pafu liliharibikia mgodini.

Hatari yetu ipo kwenye mkutano wa hadhara. Wageni wanakuja na ripoti nene iliyoandikwa Kiingereza, soda zinagawiwa, watu wanasaini mahudhurio, na baadaye saini za mahudhurio zinaonekana kama saini za kukubali. Halmashauri ya kijiji iombe muhtasari wa Kiswahili siku kadhaa kabla ya mkutano. Katika mkutano ziulizwe habari chache zilizo wazi: maji ya kijito chetu yamepimwa lini, na majibu yako wapi? Mawe yatalundikwa bonde gani? Barabara itamwagiwa maji mara ngapi kwa siku wakati wa kiangazi? Dhamana ya kurekebisha ardhi imewekwa kwa nani, na ni fedha au ni ahadi? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na kila mmoja aweke saini chini ya neno "mahudhurio" lililoandikwa wazi.

DAFTARI LA MAJI

Jumuiya ndogondogo zinazoishi karibu na migodi, au mahali ambapo mgodi unatajwa kuja, zinaweza kuanza jambo moja mwezi huu bila fedha nyingi. Nunueni daftari gumu. Mchague watu wawili, mmoja awe mwalimu au kijana aliyemaliza sekondari. Kila mwezi tarehe ile ile waende kwenye chanzo cha maji, waandike tarehe, kama mvua ilinyesha jana, rangi ya maji, harufu, kama mawe yana utelezi wa kutu, kama samaki na kaa wapo, na kina cha kisima kwa kamba yenye mafundo. Anayeweza apige picha kwa simu. Vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi kuonyesha uchachu wa maji hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara, na shule za sekondari nyingi zinavyo.

Angalau mara mbili, moja kiangazi na moja masika, maji yapelekwe kwenye maabara ya Wizara ya Maji katika mkoa. Ofisi ya RUWASA ya wilaya itawaelekeza. Ombeni wapime uchachu, chuma, manganizi na salfeti, pamoja na vijidudu. Chupa iwe mpya, isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale yanayopimwa, ijazwe mpaka juu, ifungwe, iandikwe jina la chanzo, tarehe na saa, na ifike maabara mapema, siku ile ile ikiwezekana. Kwa kipimo cha vijidudu maabara hutoa chupa yake iliyochemshwa, hiyo haisuuzwi. Majibu yafanyiwe nakala tatu: moja kijijini, moja parokiani, moja kwa afisa mazingira wa halmashauri, naye agonge muhuri wa kupokea.

Kukiwa na malalamiko, barua ianzie kwa serikali ya kijiji na afisa mazingira wa wilaya, nakala iende Ofisi ya Madini ya mkoa na kwa chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kile tulichokijua kwa miaka mingi kwa jina la NEMC, na kama ni mto, kwa Bodi ya Maji ya bonde husika. Isiandikwe "mgodi unatuua". Iandikwe kwamba kisima fulani, tarehe fulani, kilikuwa na chuma kiasi hiki, na tarehe fulani kina kiasi hiki, na nakala za majibu ya maabara zimeambatanishwa.